Kitambaa Kwenye Tundu

"Kaka, maji yakishapanda huko juu, yatarudi kwa njia gani?"

Swali hilo liliulizwa mchana, uani, mbele ya watu wazima wenye masikio yao. Hakuna aliyelijibu. Walikuwa wanapiga makofi.

Mama mmoja alikuwa na watoto wawili, Yaredi wa kwanza na Sechelela wa mwisho, na ua ambao udongo wake ulikuwa wa chumvi. Kila mbegu iliyotiwa pale ilichungulia tu, ikaungua. Huyo mama alikuwa na upungufu wa damu. Zahanati walimwambia ale mboga za majani kila siku, kisha wakamruhusu arudi kwenye ua huohuo usioota hata magugu.

Basi Sechelela akamtengenezea bustani isiyohitaji udongo, kwa vitu ambavyo wengine walikwisha kuvitupa. Aliweka chini ndoo kubwa yenye mfuniko, akaijaza maji yaliyochanganywa na mbolea ya kuyeyuka. Juu yake, kwenye meza aliyoigonga kwa mbao za mabaki, akalaza pipa la plastiki lililopasuliwa ubavuni, akalijaza kokoto zilizooshwa, akapanda figiri na spinachi. Ndani ya ndoo akatumbukiza pampu ndogo, ya zile zinazozungusha maji kwenye matangi ya samaki wa mapambo, akaiunganisha na mpira unaopanda hadi kwenye pipa. Pampu ikiwaka, maji yanapanda na kufunika kokoto, mizizi inakunywa. Pampu ikizima, maji yanashuka kwa tundu lililo chini ya pipa, yanarudi kwenye ndoo, na mizizi inapumua. Baada ya muda yanapanda tena, maji yaleyale. Ndoo haikuona tabu kutoa, maana ilikuwa inarudishiwa.

Mama akala mboga. Viganja vyake vikaanza kupata rangi, akaweza kufika hadi kwenye lango bila kushika ukuta.

Ndipo Yaredi akasikia kwamba kamati ya mtaa ingepita kutazama bustani za nyumbani. Yaredi ndiye kaka mkubwa. Ile nyumba ikitajwa popote, yeye ndiye anayesimama. Akafika uani wakati maji yamekwisha kushuka, akakuta kokoto zilizolowa.

"Hivi ndivyo tutakavyowaonyesha wageni?" akasema. "Mtu anakuja kuona maji, wewe unamwonyesha mawe, kama tunachimba choo."

"Yatapanda tena, kaka. Yakikaa huko muda wote mizizi inakosa pumzi."

"Wewe Seche, chupa ya chai ya wageni huwa unaileta tupu?"

Akachana kipande cha kanga kuukuu ya mama yake, akakiviringa, akaziba tundu.

Kamati ilipofika, pipa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, limetulia, linang'aa juani. Wakasifu sana. Yaredi akapigwa picha ameliegemea, na ile ndoo ikafunikwa gunia isije ikaharibu picha. Hapo ndipo Sechelela alipouliza swali lake. Mgeni mmoja akacheka: "Binti naye anataka semina leo leo!" Wakapiga makofi tena, wakaenda kunywa soda.

Kitambaa hakikutolewa. Wageni wengine wangeweza kuja wakati wowote.

Kesho yake Yaredi alifunua ndoo, akatikisa kichwa. "Ndoo haina kitu. Ongezeni." Sechelela akaongeza maji ya kupikia. Yakapanda, yakabaki juu. "Ongezeni." Mama akatoa maji yake ya kuoga, akajipangusa uso tu. Nayo yakapanda, yakamwagika ukingoni, yakazama kwenye ule udongo wa chumvi. Yaredi alipoyaona yanamwagika alifurahi kweli, akawaita majirani: "Njooni muone, kwetu yanafurika!"

Majani yakaanza kugeuka njano. Pampu, kule chini, ikawa inavuta hewa na kukoroma, mpaka siku moja ikanuka waya ulioungua, ikanyamaza.

Yaredi akaita kikao cha ndugu. Wakaja shangazi na baba mdogo, wakapikiwa, wakala, kisha wakazungumza kwa uchungu mkubwa kuhusu ndoo. Eti ndoo ni ndogo. Eti ndoo haina moyo wa kujitolea. Eti ndoo za siku hizi zimedekezwa, zimezoea kurudishiwa. Ikakubaliwa inunuliwe ndoo kubwa zaidi, kila mtu achangie, na mama naye achangie, kwa kuwa mboga ni zake.

Hakuna aliyetaja kitambaa. Na hakikuwa kimefichwa, jamani! Ncha yake, yenye ua jekundu la kanga, ilikuwa inaning'inia chini ya pipa, usawa wa macho ya kila aliyekaa kwenye mkeka. Shangazi aliiona akaanza kukohoa. Baba mdogo aliigusa kwa bahati mbaya, akarudisha mkono haraka kama aliyeshika pasi ya moto. Sechelela alijua hata kilivyoviringwa, naye aliinamisha kichwa, akahesabiwa kuwa binti mwenye adabu. Kwa kuwa ni mkono wa kaka mkubwa ulioziba, wote walimwachia kaka mkubwa azibue.

Mama alinyanyuka kwa kushika ukuta. Akaenda kwenye pipa, akang'oa shina la figiri. Mizizi ikamkatikia vidoleni, ya kahawia, inanuka. Akainama, akatazama ndani ya ndoo, akaona pampu iliyoungua kwenye kitako kikavu. Akawageukia.

"Huku juu wamekufa kwa kujaa maji, huku chini wamekufa kwa kiu. Sasa niambieni, hayo maji amenufaika nayo nani?"

Yaredi akasema mama amechoka, asaidiwe akalale.

Usiku huo mama alikula ugali kwa chumvi. Hakumaliza mwezi, akabebwa kupelekwa hospitali, na walipomtafutia shuka la kumfunika njiani wakachukua ileile kanga iliyochanwa, pengo lake likawa linaonekana kifuani. Hakurudi. Ndoo mpya, kubwa, ilifika siku ya msiba ikatumika kunawishia mikono. Na picha ya Yaredi ameegemea pipa ingali imebandikwa kwenye ofisi ya mtaa. Ukiitazama utadhani hapakuwahi kuwa na ndoo.

Nanyi mnaonisikiliza, mlio juu, hamkujipandisha. Kuna watu walimimina mpaka wakabaki kavu ili nyinyi msome, mpate vyeo, majina yenu yatanguliwe na maneno marefu. Mkiambiwa huku chini pamekauka, mnajibu: ongezeni. Mnatuandalia hotuba kuhusu uvivu wetu. Na mimi pia siwezi kunawa mikono, kwa sababu nimekaa kwenye mkeka uleule, ile ncha naiona, na kimya changu nimekiita heshima.

Msituchangishe tena kwa ajili ya ndoo. Nakuomba wewe, ukitoka hapa, uiname chini ya pipa lako, ushike ile ncha yenye ua jekundu, uvute.