Mama wa Mikoba na Haki Aliyoiacha

Wapendwa, alikuwepo mama mmoja pale Moshi, mshona mikoba ya ngozi. Mikoba yake yote ilikwenda kwa wateja wa Ulaya. Hapa nchini hakuuza hata mmoja. Ila zipu na bitana aliagiza kutoka nje, na kila mzigo ulipofika bandarini alilipa VAT. Alilipa akinung'unika. "Watu wa kodi wananinyonya damu," alimwambia kila aliyemsikiliza.

Mwaka wa sita mtaji ukakauka. Akamwita Nakunda, mjane aliyeanza naye kazi tangu wakiwa wawili tu.

"Dada Nakunda, sina cha kukulipa. Nenda."

"Niende wapi, mdogo wangu? Watoto wako shuleni."

Mama akageuza uso. Nakunda akajifunga kanga, akaondoka bila kuaga.

Wiki ile ile mama akaenda ofisi ya kodi kufunga biashara. Akammwagia afisa karatasi zake zote mezani.

"Mmeshaniua, basi nizikeni!"

Afisa, mama wa makamo, akazipitia polepole. Akavua miwani.

"Mikoba yote unauza nje?"

"Yote."

"Na hujawahi kuomba marejesho?"

"Marejesho ya nini?"

"Ya VAT uliyolipa bandarini! Bidhaa ukiiuza nje, ile kodi uliyolipia zipu na bitana unarudishiwa. Ni haki yako, mama. Lakini ina muda wake wa kuombwa. Risiti hizi za nyuma zimeshapitwa na muda. Zimebaki hizi tatu tu."

Mama akahesabu kwa vidole. Miaka sita!

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuja lini kutuuliza?"

Akajaza fomu pale pale. Miezi ikapita, fedha ya mizigo mitatu ikaingia. Siku hiyo hiyo akakimbilia kwa Nakunda. Akakuta kufuli mlangoni.

"Ameuza cherehani yake, akahama," jirani akasema. "Watoto walishaacha shule. Alikoelekea hatukujui."

Mama akaketi pale pale kizingitini, mkono kinywani.

Ndugu zangu, nani alimfukuza Nakunda? Ni kodi? Kodi haikumfukuza! Alifukuzwa na mtu aliyelalamika miaka sita kwa kila mtu, isipokuwa kwa yule mwenye kumrudishia.

Na sisi je? Tunamnung'unikia Mungu sokoni, tunamnung'unikia msibani, lakini Mungu mwenyewe hatujamwendea. Tunadhani tunajiumiza wenyewe tu. Sivyo! Mke anabeba hasira zetu. Mtoto anakua bila kusemeshwa na baba, kwa kukosekana msamaha ambao baba angeupata kwa kupiga magoti asubuhi moja tu. Tusipoomba, kuna mwingine anayelipa.

Wewe wa benchi la tatu, usigeuke kutazama nyuma. Nasema na wewe. Ibada ikiisha, usije kunipa mkono mimi. Nenda kagonge ule mlango unaoujua, kabla haujafungwa kwa kufuli.