Vikombe Vinne vya Maji

Fundi mmoja wa cherehani alikuwa na mama mgonjwa, gunia la mchele, na simu iliyojaa mapishi rahisi.

Jina lake Ambakisye. Alikuwa amefunga kibanda chake cha kushonea mjini na kurudi bondeni, nyumbani kwa mama yake, Tupokigwe. Homa ilikuwa imemlaza mama huyo majuma matatu. Ilipoondoka, iliondoka na hamu yake ya kula. Muuguzi wa zahanati alisema dawa zimekwisha kufanya kazi yake, na kazi iliyobaki ni ya chakula. Naye dada mkubwa, Atupele, aliyeolewa jijini, alisema kwa simu, "Nakupa mpaka Jumapili, Amba. Nikija nikamkuta Mama bado hali, namweka kwenye gari, anakaa kwangu."

Mama hakulitaka gari hilo. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, alikuwa amelala mumewe, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipafagia mahali pale kila asubuhi kabla hajanywa chai. Tena alikwisha kuwaona wazee watatu wa bonde lile wakipelekwa jijini kutunzwa. Wote watatu walirudi, na wote watatu walirudi ndani ya sanduku. Hayo hakuyasema. Aligeukia ukuta tu, na mwanawe akaelewa.

Basi Ambakisye akaingia jikoni. Alimpenda mama yake. Hilo msilitilie shaka. Mtu anaweza kupenda kwa moyo wote na kukosea kila siku. Maishani mwake alikuwa amepika chai, mayai, na ugali wa kapera unaoliwa kwa sababu njaa haina subira. Lakini alikuwa na simu. Ndani ya simu kulikuwa na mwanamke mwenye kucha nyeupe na jiko lisilo na hata doa la masizi, na kila alilolipika alilianza kwa neno moja: "Rahisi sana, wapenzi wangu!" Ambakisye akafungua daftari lake la vipimo vya wateja, akageuza kurasa mpaka upande wa nyuma, akaandika kwa mwandiko mzuri: mchele vikombe viwili, maji vikombe vinne, chumvi kijiko, mafuta vijiko viwili, dakika ishirini, usifunue.

Akapima, akachemsha, akafunika. Hakufunua. Dakika ishirini zilipotimia akafunua, na ndani ya sufuria mlikuwa na kitu kizito, cheupe, kinachopumua. Akakipakua. Mama akatia kijiko kimoja kinywani, akakizungusha, akakimeza kama anavyomeza vidonge, akasukuma sahani kando.

"Ahsante, mwanangu."

Siku ya pili alipika kwa makini zaidi. Alikipima kila kikombe mbele ya macho yake, akakiweka juu ya meza iliyonyooka, akakifuta ukingo kwa kidole. Vikombe viwili. Vikombe vinne. Wali ukatoka vilevile. Siku ya tatu akabadilisha sufuria. Ukatoka vilevile. Akailaumu sufuria, akaulaumu mkaa, akamlaumu aliyemuuzia mkaa. Daftari peke yake ndilo ambalo hakulilaumu.

Jirani yao, mama Lugano, alikuwa akichungulia juu ya uzio wa matete tangu siku ya kwanza. Mama huyu hakuwa na neno la akiba; lote lililomjia alilitoa.

"Fundi! Leo tena gundi? Nimegee kidogo, nibandikie madaftari ya watoto."

"Mama Lugano, niache. Nina hasira."

"Hasira za nini, na kosa umelishika mkononi? Huo mchele ni mpya, baba. Tumekuanikieni wenyewe hapa juzi, mama yako yuko kitandani. Mchele mpya hauna kiu. Punguza maji."

"Imeandikwa vikombe vinne."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mpishi. Anafuatwa na watu laki mbili."

"Basi waite hao laki mbili waje wale huo uji."

Ambakisye akaingia ndani na kuufunga mlango wa jiko. Kumbukeni kwamba aliambiwa. Aliambiwa bure, kwa lugha anayoielewa, na mtu aliyeuanika mchele ule kwa mikono yake. Lakini jirani alinukia moshi na alisema huku anacheka, na yule wa kwenye simu alisema kwa sauti laini na nyuma yake kulikuwa na maua. Ndivyo tulivyo. Ukweli ukitujia na kanga iliyochakaa, twaufungia mlango.

Mama naye alijaribu. Siku ile ya tatu, jioni haijaingia, alisema kutoka kitandani, "Amba, hebu niletee huo mchele niuone."

"Mama, pumzika. Kila kitu kiko hapa kwenye simu."

"Niuone tu, baba."

"Mama, nakuomba. Muuguzi kasema usijichoshe."

Akamfunika shuka vizuri, akamwekea mto. Akarudi jikoni akaamua kwamba tatizo ni wali wenyewe, kwamba wali ni chakula kigumu, kwamba lazima kuna rahisi kuliko hiki. Na kweli, simu haikosi rahisi kuliko hiki. Siku ya nne akapika piza ya kikaangoni. Kwa kuwa hakuwa na jiko la mwanamke yule, ila jiko la mkaa lenye mguu mmoja mfupi, chini iliungua ikawa nyeusi na juu ikabaki mbichi. Mama akaigeuza kwa kidole.

"Mwanangu, hapa mboga ni ipi?"

Siku ya tano ikawa supu ya boga. Maelekezo yalitaka malai mazito ya dukani, dukani hakuna, Ambakisye akatia maziwa mgando, kwa sababu nayo ni mazito na nayo ni meupe. Supu ikakatika mapande mapande ndani ya sufuria kama kitu kilichokosana na nafsi yake. Siku ya sita alikaanga chapati za maji, na zile chapati zikakishika kikaango zikakataa kutoka, akazikwangua kwa kisu huku machozi yakimtoka, si ya moshi. Alitupa kisu sakafuni.

"Rahisi!" alisema peke yake, jikoni, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani. "Rahisi kwa nani?"

Siku sita, mapishi manne, na hakuna hata moja alilokaa nalo mpaka akalijua. Na katika siku zote hizo sita hakuketi hata mara moja karibu na mama yake alipokuwa akitia chakula kinywani. Aliweka sahani, akarudi mbio jikoni kutafuta kitakachofuata. Alirudi baadaye kuchukua mabaki. Alijua ni kiasi gani kimebaki. Kwa nini kimebaki, hakujua.

Jumapili asubuhi Atupele alipiga simu kusema ameshaondoka. Ambakisye akaketi kwenye kizingiti cha jiko, simu mkononi, anatelezesha kidole, anatelezesha kidole, mapishi yanapita kama watu sokoni. Ndipo akasikia nyuma yake mkono unaparuza ukutani. Mama alikuwa amesimama. Miguu yake ilitetemeka, lakini alikuwa amesimama, na shuka amelifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani.

"Mama! Utaanguka!"

"Nisogezee kigoda."

Akamsogezea. Mama akaketi mbele ya gunia, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akatoa mchele, akausugua kiganjani, akaunusa. Akachukua punje moja akaiweka kati ya meno yake. Kisha akamtazama mwanawe, na macho yake hayakuwa na hasira, ila yalikuwa yamechoka kusubiri.

"Mteja akija kwako," alisema, "unamkatia gauni kwa vipimo vya mwenzake?"

"Hapana, Mama."

"Basi mchele wangu mbona hujaupima? Na mimi je? Chukua punje. Tafuna."

Ambakisye akatafuna. Punje haikulia. Ilikubali, ikanata kwenye jino, ikaacha utamu mdogo kama wa maziwa. Ilikuwa na unyevu wa shamba bado. Mtoto wa bonde lile, aliyezaliwa kati ya majaruba na kulelewa kwa mpunga, alikuwa amekaa na gunia lile siku sita na ndiyo kwanza alikuwa akiuonja mchele wake.

"Maji kiasi gani, Mama?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyetafuna."

Hapo ndipo Ambakisye alipoogopa kwa mara ya kwanza. Mpaka siku hiyo alikuwa amekasirika tu. Kukasirika ni jambo jepesi, unahitaji tu mtu wa kulaumu. Sasa hapakuwa na mtu. Akamimina maji kidogo, akatazama, akaongeza, akasita. Akafunika. Akafunua, akafunika tena, akafunua. Akachukua punje kwa ncha ya kijiko, akaitafuna, akapunguza moto. Akamuuliza mama yake kitu ambacho hakikuwa katika daftari wala katika simu: "Mama, wewe unataka kula nini?"

"Wali mkavu," alisema Tupokigwe. "Na usipa wa kukaanga, wenye ndimu. Tangu Jumatatu."

Wali ule haukutoka vizuri, msije mkadhani. Chini uliganda ukoko, na juu punje nyingine zilikuwa bado na kiini kigumu. Usipa, vile visamaki vyembamba vya ziwani, viliungua mikia. Lakini Ambakisye alitandika mkeka, akaketi, akatazama. Aliona mama yake anatafuna upande mmoja tu, wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia homa ilimwachia kidonda kwenye ufizi. Kidonda ambacho hakikuwa siri, ila hakuna aliyeketi akakiona. Aliona anaondoa mifupa ya usipa kwa ulimi. Aliona mkono unarudi kwenye sahani mara ya pili, mara ya tatu, mara ya nne.

Atupele aliingia na funguo za gari mkononi, akawakuta hivyo.

"Nani kapika?"

"Mimi, dada."

Akainama, akachota kidogo kwa vidole, akaonja, akakunja uso. "Mbichi huu."

"Ni mbichi kidogo," alisema mama, hakuacha kula. "Kesho ataupatia."

Atupele alikuwa ametoka mbali, na alikuwa amekuja na godoro ndani ya gari la kumlazia mama. Alisema sahani moja si uzima. Alisema atarudi baada ya juma moja, na akimkuta amekonda hatamsikiliza mtu. Kisha akavua viatu, akaketi mkekani, akavuta sahani upande wake.

Ndugu zangu, mmenijia mara nyingi na kalamu zenu. Mmoja anataka maneno matatu ya kumwambia mke aliyenuna mwezi mzima. Mwingine anataka sala fupi ambayo haijawahi kushindwa. Mama mmoja amenishika mkono mlangoni akitaka njia rahisi ya kumrudisha kijana wake nyumbani, na nilipomuuliza kijana anapenda nini, alinitazama kama nimemtukana. Mnanukuu vipimo vya watu ambao hawajawahi kuiona nyumba yenu, mnavifuata mpaka tone la mwisho, na kitu kikiharibika mnailaumu sufuria. Mkeo si mchele wa jirani. Mtoto wako wa pili si mchele wa mwaka jana. Na Mungu mwenyewe, aliyetaka kusema nanyi, mmemfunika shuka na kumwambia apumzike, kila kitu kiko kwenye kitabu.

Nimekwisha kuusimulia mfano huu mahali pengi. Na kila mara, kabla sijaketi, huinuka mtu mmoja mwema, daftari wazi kiganjani, akauliza, "Mwalimu, basi kwa mchele mpya, ni vikombe vingapi?"

Nami hutafuta subira nisiipate, nikamuuliza: unayempikia ni nani, na mara ya mwisho ulipoketi ukamtazama akitafuna ilikuwa lini?