Mfereji wa Mzee Gwandumi

Pole bila jembe huzika mara mbili.

Mliisikia juzi msibani kwa jirani yetu, na mkaona watu wanaingia uani na majembe begani kana kwamba wamepotea njia ya shamba. Mmoja wenu akaninong'oneza akiuliza kama wote hao ni wachimba kaburi. Nilinyamaza, maana msibani si mahali pa mhadhara. Leo tumekaa, viatu vina matope, chai inachemka, basi mimi bibi yenu niwaambie methali hiyo ilikotoka. Msitegemee sungura wala mfalme. Watu wake nimekula nao, na mmoja wao ni mimi.

Ziwa letu la Isumbe mnalijua, limejificha ndani ya mlima, na njia ya kulifikia inashuka msituni karibu saa nzima. Kabla hamjazaliwa njia hiyo haikuwa na mwenyewe. Wageni walikuja Jumapili, wanafunzi, wanakwaya, maharusi wa kupiga picha, wakirudi wamechubuka magoti. Ndipo tukajitolea watu kumi na wawili. Tuliigawa njia vipande kumi na viwili, kila mtu na chake, kuanzia barabarani hadi majini. Tulifyeka, tukatengeneza mabenchi, tukaokota takataka za watu wasiojua kurudi na chupa zao. Malipo hayakuwepo. Tulipata fulana za kijani kutoka kwa mfadhili mmoja, zote saizi moja. Mwenyekiti wetu, Mwambene, ilimbana tumboni mpaka akawa anapumua kwa zamu, na mimi yangu ilinifika magotini.

Adui wa njia si majani kama mnavyodhani. Majani ukiyafyeka yanalala. Adui ni maji. Mvua ya huku haina subira. Ikiikuta njia ya watu inaifanya mto, inakula udongo chini ya mawe mpaka jiwe linabaki limekaa juu ya shimo, na kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo tulichimba mifereji ya kukatisha njia, ya kuyatoa maji pembeni yaende msituni. Mfereji ukijaa majani na tope, ni sawa na kutokuwepo. Unataka jembe, si kila siku, ila unalitaka kwa wakati wake.

Kipande cha mwisho, cha ngazi za mawe zinazoteremka hadi majini, kilikuwa cha mzee Gwandumi. Ngazi hizo alizijenga yeye na mkewe Subilaga kwa viangazi viwili, mama akisomba mawe kichwani, mzee akichimba na kupanga. Upande wa kushoto una ukuta wa mlima. Upande wa kulia hauna kitu, ni mwamba wima, na chini yake maji. Juu ya ngazi ya kwanza palikuwa na mfereji mkubwa kuliko yote, na mzee hakuacha hata jani lilale humo. Mimi nilikuwa na kipande cha kumi na moja. Pale changu kilipoishia ndipo chake kilipoanza.

Tulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, kwamba usiguse kipande cha mwenzako. Ilitokana na ugomvi. Mwaka wa pili nilikata matawi mawili kwenye kipande cha Mwambene, nikidhani namsaidia, naye akaniuliza mbele za watu kama nimesikia amekufa. Toka siku hiyo kila mtu alijua mpaka wake. Na hapa kijijini kulikuwa na adabu nyingine, kwamba mfiwa hashiki jembe mpaka arobaini iishe, wala mbele yake hazungumzwi habari za kazi. Adabu zote mbili ni nzuri. Sikilizeni sasa zilivyokutana.

Subilaga alifariki kwa homa ya siku tatu, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Kijiji kizima kilihamia kwa Gwandumi. Tulipika, tulilia, tulilala chini pamoja naye. Msidhani hatukumpenda mzee yule. Binti yao, Tumpe, alikuwa fundi cherehani mjini Tukuyu, mtoto wao wa pekee. Alifunga kibanda chake akaja kukaa na baba yake hadi arobaini, akimpikia na kumfulia.

Siku ya kumi hivi mvua ilinyesha mchana kutwa. Nilikuwa nimekaa na mzee barazani. Alisikiliza bati kwa muda, kisha akasema, kama anayejisemesha mwenyewe, kwamba mfereji wake sasa utakuwa umejaa. Nikampa pole, nikamwambia apumzike, kazi ipo tu. Mwambene alipokuja, mzee akamwambia maneno yaleyale, na Mwambene akamjibu asijali, sisi tupo. Neno hilo "tupo" nimelichukia mpaka leo. Tulikuwepo kweli. Kila mmoja alikuwepo, akimngoja mwenzake.

Mfereji wenyewe niliuona. Jumamosi tatu mfululizo nilifika mwisho wa kipande changu, jembe langu mkononi, nikaukuta umejaa majani yaliyooza na maji yanateremka katikati ya ngazi. Nikawaza, nikiugusa mzee atasikia kwamba kipande chake tumeshakigawa, na mkewe hata hajatimiza arobaini. Nikawaza na Mwambene atasemaje. Nikaona heri nimheshimu mfiwa. Nikafuta jembe kwenye nyasi nikapanda kurudi nyumbani. Wenzangu nao, nilikuja kujua baadaye, walishuka kwa siku zao, wakaona, wakaheshimu, wakapanda. Tukikutana njiani tunasema, maskini mzee, Mungu amtie nguvu.

Mzee alikosa usingizi. Tumpe alinieleza kisimani kwamba baba yake hamtaji mama hata mara moja, anataja ngazi. Kila mvua ikinyesha anauliza kama kuna wageni walioteremka ziwani. Aliogopa mtoto wa mtu ataanguka mahali alipojenga yeye kwa mikono yake. Tumpe akaniuliza kama kuna mtu anaweza kwenda kuuzibua mfereji ule, ili baba yake alale. Nikamjibu kwamba wanaume wa kikundi wataushughulikia Jumamosi. Sikukusudia kumdanganya. Nilidhani wataushughulikia.

Jumamosi ile ikapita kama zilizotangulia. Siku ya thelathini na nne, asubuhi, jua lilichomoza baada ya mvua ya siku mbili. Nilikuwa naanika maharage mbele ya nyumba yangu nikamwona Tumpe anapita, jembe la baba yake begani.

"Tumpe, na jembe?" nikamwambia. "Arobaini haijaisha."

"Najua, mama. Nakwenda mara moja tu, narudi. Baba nimemwambia nafuata chumvi."

"Wewe ni mfiwa, mwanangu. Watu watasemaje? Ngoja Jumamosi."

"Jumamosi ipi, mama?"

Aliuliza kwa upole, bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua kweli. Akanisubiri kidogo, kisha akaniaga kwa heshima akashika njia ya ziwani. Na mimi nikarudi kwenye maharage yangu. Hapo ndipo panaponiuma, wajukuu zangu. Ningeweza kumpokea lile jembe. Nilikuwa na mikono miwili na miguu mizima, tena sikuwa mfiwa. Badala yake nilimkumbusha adabu.

Adhuhuri hakuwa amerudi. Nikamwita Mwambene na vijana wawili tukashuka. Mfereji ule, ili uuzibue vizuri, unasimama kwenye ngazi ya kwanza na kuvuta tope kuelekea msituni. Ngazi ya kwanza haikuwepo. Maji ya wiki tano yalikuwa yameila chini, jiwe likabaki limeshikwa na mizizi tu, na uzito wa mtu ulipolikalia lilikwenda naye. Kwenye tope la mfereji tulikuta alama mbili za jembe. Ya tatu hakuwahi. Tumpe tulimkuta chini mwambani, ukingoni mwa maji, na hakuna tulichoweza kumfanyia isipokuwa kumbeba.

Mtu wa kumpelekea baba yake habari ile alikosekana. Kila mmoja alimwangalia mwenzake, kama ilivyokuwa kwa mfereji. Mwishowe nilikwenda mimi. Mzee alikuwa ameketi barazani, sufuria ya uji kando yake bado imefunikwa. Alipoona vitenge vyangu vimelowa akauliza kama ngazi zimeanguka. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama kulikuwa na mtu. Nikakaa chini, na kwa kukaa kwangu akajua.

Siku ya mazishi watu walijaa makaburini kuliko mara ya kwanza. Walipanga foleni kumpa mkono. Mwambene akiwa mwenyekiti alitangulia, akapiga goti mbele ya mkeka.

"Pole sana, tata," akasema, akimwita baba kwa kilugha chetu.

Mzee hakuutoa mkono wake. Alimtazama bila ukali, na alipozungumza ilibidi walio nyuma wanyamaze ili wasikie.

"Mwambene, pole zenu za kwanza nilizipokea zote. Yako, na ya Mama Sekela pale," akanionyesha mimi kwa kidevu, "na ya kila mtu. Zilikuwa nyingi na zilikuwa za kweli. Lakini hakuna hata moja iliyokuja na jembe. Ikabidi mwanangu alishike mwenyewe."

"Tulikuheshimu, mzee," Mwambene akasema. "Hatukutaka kugusa cha kwako ukiwa kwenye majonzi."

"Najua mliniheshimu. Ndiyo maana nashindwa hata kuwakasirikia." Akageuka akatazama mahali walipokuwa wanachimba, kando ya kaburi la mkewe, ambalo udongo wake ulikuwa haujaota nyasi. "Ila muwaambie na watoto wenu. Pole bila jembe huzika mara mbili."

Hakuna aliyeendelea na foleni.

Tulipotoka makaburini sikwenda nyumbani kubadilisha nguo. Nilichukua jembe langu nikashuka ziwani. Nilipofika kwenye mfereji nikasikia hatua nyuma yangu, nikadhani ni Mwambene. Alikuwa mzee Gwandumi, na fimbo yake. Nikasimama upande wa juu, kwenye ardhi ngumu, nikaanza kuvuta tope. Majani yaliyooza yakatoka, kisha udongo, kisha maji yenyewe yakaikuta njia yake ya zamani, yakageuka kuingia msituni, ngazi zikabaki zinachuruzika tu. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa halijasogea. Robo saa, wajukuu zangu. Kazi ya kumwokoa Tumpe ilikuwa ya robo saa, na nilikuwa nayo mkononi Jumamosi tatu, na ya nne nikaiachia wanaume.

"Umemaliza?" mzee akaniuliza.

"Nimemaliza, tata."

Akautazama mfereji mwanzo hadi mwisho, kama alivyozoea kuutazama. "Umechimba vizuri," akasema. Angenitukana ningepona mapema. Alipanda kurudi kwake polepole, na hakushuka tena ziwani maisha yake yote.

Kikundi tulikivunja na kukiunda upya, bila mipaka. Ngazi tulizijenga tena kwa saruji na kuzitilia ukingo wa mabomba, na hizo ndizo mnazokanyaga. Tukakubaliana kwamba mtu akifiwa, kipande chake ndicho kinachofanyiwa kazi kwanza, kabla hata ya kula chakula cha msiba. Baadaye watu wakaipeleka adabu hiyo mashambani, migombani, kwenye zizi la mfiwa, kwenye kuni zake. Waliowahi kutucheka tukienda msibani na zana za kilimo waliacha kucheka walipofiwa wao.

Mzee Gwandumi aliishi miaka sita baada ya hapo. Tulimlimia, tulimvunia, hakutukataza. Lakini mtu akimpa pole, kwa jambo lolote, hata mafua, alimtazama mikononi kwanza, halafu usoni. Hakuwa anafanya makusudi. Macho yalikuwa yamezoea.

Alipofariki kijiji kizima kilikuja na majembe, wazee kwa vijana, wengine kutoka ng'ambo ya mto. Tukasimama uani tumeyashika, tunatazamana. Nyumba ile haikuwa na mfiwa wa kusaidiwa. Hapakuwa na mtu wa kupewa mkono, wala wa kuulizwa tuanzie wapi. Mwambene, naye akiwa mzee tayari, akaanza kupalilia migomba isiyo na mrithi, na sisi wengine tukamfuata, mstari kwa mstari mpaka mwisho wa shamba, tukilia. Hilo ndilo jembe lililochelewa, na mimi nililishika.

Pole bila jembe huzika mara mbili.