Nchi Iliyosimama kwa Mguu Mmoja

Paukwa!

— Pakawa!

Nikichochea?

— Kiive!

Nikipakua?

— Tule!

Haya, sogeeni. Mwanasha, lete huo ungo hapa katikati, mahindi hayapukuchuliwi kwa kuangaliwa. Na mbingu ile mnaiona? Imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Mvua hiyo lazima itatukuta. Basi mikono ifanye kazi na masikio yafanye kazi, asiwepo wa kusinzia. Hahaaa! Wewe Shemeji Mbwarali, nakuona!

Paliondokea nchi, kale ya kale, wanyama wakiwa na kaya zao na serikali yao. Nchi hiyo ikiitwa Mavunoni. Mfalme wake Kiboko. Kiboko mnamjua: tumbo linatangulia, mwenyewe anafuata. Mchana kutwa kazama mtoni, pua na masikio tu ndo viko nje. Jua likipungua, hapo anatoka kutawala.

Sasa Mavunoni walikuwa na kihenge kimoja. Kimoja tu! Mtama wa nchi nzima umo humo, wa Ngiri, wa Nyani, wa Fisi, wote. Na kihenge chote, na ukubwa wote ule, kimekaa juu ya nguzo moja. Nchi za jirani vihenge vyao vina miguu mingi, kama vitanda. Kiboko akawacheka. Akasema, "Miguu mingi ya nini? Korongo anasimama kwa mmoja, tena anapendeza. Nchi yangu itasimama kama Korongo."

Shimo la nguzo likachimbwa. Mafundi wakasema, "Mfalme, tuichome moto kwanza huu mguu wake, uwe mkaa, mchwa wasiupende." Kiboko akang'aka: "Mniletee nguzo nyeusi kama chungu cha mboga? Ipakeni mafuta ya ufuta, ing'are!" Ikapakwa, ikang'aa. Uzuri wenyewe, wa sura tu.

Na walikuwa na desturi yao. Kila mavuno, nchi nzima inaizunguka nguzo. Mfalme anauliza, "Ewe nguzo, uko imara?" Na watu wote wanajibu...

Haya, mjibu nanyi! Ewe nguzo, uko imara?

— Niko imara!

Hahaaa! Mnaona? Nguzo yenyewe haina mdomo, wanaijibia wao! Kama mtu kaenda kumwona mgonjwa, akauliza, "Hujambo?" akajijibu, "Sijambo," akala wali akaondoka.

Basi chini ya kihenge hicho alikaa Kanga na vifaranga vyake. Kazi yake kuokota punje zinazodondoka. Wakati huo Kanga mweusi tii, doa moja hana. Na mdomo wake! Habari ikiingia kwa Kanga asubuhi, saa ya chai imeshafika ng'ambo. Watu wanasema mbeya. Mimi nasema ni mtu anayependa wenziwe wajue.

Siku moja anaparura chini, akaona vumbi. Vumbi laini, kidogo, kama chumvi ya kubana kwa vidole. Akasema, "Labda upepo." Siku ya pili likawa la kujaa kiganja. Akasema, "Labda watoto." Siku ya tatu likamfunika mguu. Akaenda kwenye nguzo, akaigonga kwa mdomo. Mti mzima unasema ko, ko, ko. Hii ikasema bo... bo... bo.

Mchwa! Wameingia kwa chini, wanakula kwa ndani. Nje mafuta yanang'aa, ndani pango.

Kanga mbio mpaka mtoni. "Mfalme! Mfalme! Nguzo inaliwa!"

Pua ikapanda juu ya maji. "Nini?"

"Nimeigonga, baba. Ndani hamna kitu. Masika haya hapa, kihenge kitaanguka, wanangu wako chini yake!"

Jamani, mngeona! Wote waliokuwa pale wakashika vichwa. "Mchuro! Kanga anatuchuria! Anataka tufe njaa!" Maana Mavunoni, kuisema nguzo vibaya ni mkosi. Kuliko kumsema mama wa mtu.

Kiboko akasema, "Isiwe maneno. Nitaipimisha."

Akaitwa Twiga. Twiga akaja, akaangalia kwa huko huko juu aliko, akaona paa limesimama sawa. "Imara!"

Akaitwa Nyumbu. Nyumbu akakimbia kukizunguka kihenge, akakizunguka tena, vumbi likatanda pote. "Nimezunguka pote," anakohoa, "sikuona kitu." Ungeona nini, baba, na vumbi umelitimua mwenyewe! "Imara!"

Akaitwa Korongo mwenyewe. Mfalme akamuuliza, "Wewe fundi wa mguu mmoja, unapendeza haupendezi?" Korongo akasema, "Unapendeza, mfalme." Basi. "Imara!"

Kiboko akamgeukia Kanga. "Umesikia? Sasa sikiliza hili nalo. Mdomo wowote utakaoichuria tena nguzo yangu, watoto wake hawatakula punje ya kihenge hicho."

Uwiii. Wenye watoto mnanielewa. Kusema, vifaranga vinakufa njaa. Kunyamaza, vifaranga vinakufa kwa kuangukiwa. Ahame? Aende wapi, nchi ina kihenge kimoja? Kanga akafunga mdomo. Kanga! Akafunga mdomo! Usingizi ukamkimbia, kula hakupiti. Akisikia kihenge kinalia krii, anaviita chini ya mbawa. Kikinyamaza, ndo anaogopa zaidi. Na kule milimani, ngurumo imeshaanza kujikuna koo.

Mnapukuchua lakini? Mwanasha, mbona umeacha? Usiogope, mama, endelea.

Jioni moja akamkuta Korongo kinamasini. "Kaka Korongo, nisamehe nikuulize. Kweli wewe huna mguu wa pili?"

Korongo akatazama huku na huku. "Ninao, dada. Huu hapa, nimeukunja tumboni." Akautoa akamwonyesha. "Upepo ukija naushusha."

"Ah! Mbona hukumwambia mfalme?"

"Kwani aliniuliza? Kaniuliza kama unapendeza. Si unapendeza?"

Hahaaa! Ataingia kaburini na elimu yake huyo!

Lakini Kanga kaondoka pale kichwa kinamchemka. Akasema moyoni: mdomo huu umekatazwa kuichuria nguzo. Haukukatazwa kusengenya.

Kesho yake jua kali, mfalme yumo majini. Kanga akapita kwa Bi Ngiri, akajifanya ana haraka.

"Hodi shoga. Sikai. Hivi ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Aa, basi. Kama hujasikia, tuache."

Loo! Mwambie mtu "tuache" uone kama atakuacha. Bi Ngiri akamshika bawa. "Shoga, hutoki hapa."

"Usimwambie mtu. Nasikia kwa Nyani wanachonga nguzo yao wenyewe, waichimbie chini ya kihenge. Siku ya kugawa mtama, mwenye nguzo yake chini ndo anasimama mbele ya mstari."

"Nyani huyu huyu? Aliyeshindwa kujenga choo?"

"Ndo huyo. Na nguzo isiyochomwa moto mguu, haihesabiwi. Mimi sijasema."

Akaenda kwa Nyani. "Jirani, umesikia ya kwa Ngiri? Usimwambie mtu." Akaenda kwa Fisi. "Mjomba, umesikia ya kwa Nyani? Usimwambie mtu." Fisi akaruka: "Mbele yangu? Mimi na tumbo hili?" Akaanza kutafuta shoka kabla Kanga hajamaliza.

Wanangu, wivu ukiamka hauhitaji mhamasishaji. Ikawa mchana mfalme akizama tu, unasikia chimba-chimba-chimba! Kila mtu na gogo lake, kila mtu mguu wa gogo kauchoma mkaa. La mkoma, la mgunga, la mwarobaini. Nene, jembamba, lililopinda, fupi likawekewa jiwe chini. "Sogea wewe!" "Hapo pangu!" "Umepimiwa na nani?" Matusi hayo! Kanga naye akachimbia kijiti chake upande wa mbele, upande linakowekwa fungu la mfalme, ambako hakuna aliyethubutu kuweka.

Mmeshika hapo? Kila upande una magogo. Upande wa mfalme, kijiti cha Kanga basi.

Sasa jioni moja wingu limekaa vibaya, jeusi, upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Kiboko akatoka majini mapema. Akafika. Akaona.

"Nani!" Nchi ikatetemeka. "Nani kaipa nchi yangu magongo kama kiwete?"

Fisi anaangalia kucha zake.

"Sote tutachukuliwaje? Wageni wakipita waseme Mavunoni mgonjwa? Ng'oeni! Yote! Naanza mimi!" Akashika kijiti cha Kanga kwa meno, akakivuta, fyu, akakitupa huko.

Na papo hapo, upepo.

Si wa kupepea huo. Uliokuja kubomoa. Mvua ikashuka kama imemwagwa na mtu mwenye hasira. Vifaranga vya Kanga, watoto hawana akili, vikakimbilia wapi? Nyumbani! Chini ya kihenge, upande ule ule wa mbele. Kanga nyuma yao anapiga kelele: "Tokeni! Tokeni!" Wapi. Ngurumo imemeza sauti.

Nguzo ikalia. Krii.

Ikalia tena. Kriiii.

Ya tatu haikulia. Ilikatika. KWAA! Mafuta yanang'aa vile vile, katikati unga mtupu.

Kihenge kikashuka. Kikakaa juu ya gogo la Ngiri, likashika. Juu ya gogo la Nyani, likapinda, likashika. La Fisi likazama kidogo, likashika. Lakini upande wa mbele, pale palipong'olewa, hakuna kitu. Kikaanza kulala huko, polepole, na Kanga kavifunika vifaranga kwa mwili wake, kafumba macho.

Kiboko alikuwa amesimama hapo hapo. Kukimbia, mwili haukumruhusu. Kihenge kikamkalia mgongoni. Puu!

Kikasimama. Mfalme ndo nguzo sasa.

Watu wote wameduwaa mvuani. Na mazoea, wanangu, mazoea yana taabu! Nyumbu akafungua mdomo akauliza vile alivyozoea: "Ewe nguzo, uko imara?" Na watu wote, wamelowa, wanatetemeka, wakajibu kwa pamoja: "Niko ima—"

"Nyamazeni!" Kiboko akalia, sauti imekatika. "Nani kawaambia niko imara? Mmeniuliza mimi? Magoti yanacheza! Mgongo unapasuka! Siko imara, jamani, siko imara! Leteni gogo!"

Ndo mara ya kwanza Mavunoni nguzo kujibu yenyewe.

Wakakimbia. Hakuna aliyeuliza la nani. Ngiri anachimba, Nyani anavuta, Fisi kabeba kizingiti cha mlango wake mwenyewe, Korongo kashusha miguu yote miwili anashikilia. "Subiri, mfalme!" "Nasubiri nini, chimba!" Wakasimamisha gogo la kwanza, la pili, la tatu. Kiboko akateleza akatoka, akalala matopeni anahema kama mvukuto wa mhunzi.

Na Kanga? Ubavu wa kihenge ulipasuka, mtama mweupe ukammwagikia, ukamganda kwenye manyoya yaliyolowa. Wakamfukua, mzima. Chini yake vifaranga, vizima, vinalia njaa. Punje zile hazijatoka mpaka leo. Ukimwona Kanga na madoa yake, usiseme urembo. Ni mtama wa siku ile.

Kesho yake, mtama unagawiwa, Fisi hakukosa neno. "Dada Kanga, ulisema mwenye nguzo atasimama mbele. Mbona siko mbele?"

Kanga akamwambia, "Mjomba, nyuma yako kuna mtu? Sote tuna gogo chini, na bila magogo hayo leo kusingekuwa na hata mstari wa kupanga."

Kanga hata hajamaliza kucheka, akasikia kishindo nyuma yake. Kiboko huyo, mchana kweupe, jua la utosi, hayuko majini. Kabeba gogo begani, mguu wa gogo umechomwa mweusi tii, masizi yamempaka mpaka mashavuni. Akalitua. Akainamisha kichwa kile kikubwa.

"Mama Kanga. Langu nichimbie wapi?"

Kanga akalisogelea gogo, akaligonga. Ko, ko, ko. Ndo akamwonyesha pa kuchimba.

Tangu hapo desturi waliibadili. Mavuno yakifika wanazunguka, wanauliza, halafu wanagonga, moja moja, na nchi nzima inakaa kimya kusikiliza. Kimya kile kinatisha, kila mtu roho juu. Lakini hulala wakiwa wameshiba.

Haya, na nyie. Ewe nguzo, uko imara?

— Niko imara!

Hahaaa! Mmegonga? Nani kagonga? Mbwarali, inuka wewe, nenda kagonge ile ya kati inayoshika paa hili tulilokaa chini yake, mbingu ndo hiyo inafunguka!

Nilipika nikapakua. Aliyeshiba anawe, asiyeshiba akwangue sufuria, na ukoko ni wangu mimi niliyepika.