Machela ya Naelijwa

Hapo zamani, na si zamani sana, maana lami ilikuwepo na ukosefu wa ajira ulikuwa huu huu, chini ya milima ya Upare aliishi mama mmoja, Naelijwa. Mama yake, Bibi Nakiete, aliishi juu kabisa, ambako gari halifiki na pikipiki hukata tamaa. Kila asubuhi Naelijwa alitazama juu. Akiuona moshi, husema, "Mama ameinjika makande." Hupanda, akala, akashuka.

Ikaja kampuni ya chipsi na kuku, ikafungua duka pale mabasi yanaposimama. Kwenye bango, kuku wa njano kavaa miwani ya jua, anachekelea kukaangwa. Msimcheke. Angalau yeye alipata ajira.

Naelijwa alikuwa na watoto watatu, na wote walimpenda. Balaa lilianzia hapo.

Mbonea akawa mkaangaji. Kila jioni akaleta chipsi zilizobaki, na ngozi za kuku, na soda. Mama akala.

Nakunda alikuwa na digrii ya lishe. Intavyuu kumi na tisa, "tutakupigia" kumi na tisa. Kampuni ikampa kazi ya kutangaza redioni: "Mpumzishe mama jiko." Mama akaisikia sauti ya mwanawe, akazima jiko. Akala.

Eliamani akaikodishia kampuni shamba la mama, yakaegeshwa mabasi humo. Akanunua pikipiki. Kanisani akampeleka, sokoni akampeleka, hata kwa jirani wa ukuta mmoja. Mama akakaa. Akala.

Mwaka wa kwanza alipanda akipumzika mara mbili. Mwaka wa pili aliishia nusu ya njia. Mwaka wa tatu alitazama moshi tu. Magoti, presha, sukari. "Mama ameinjika," husema, chipsi mdomoni, akitamani makande.

Mwaka wa sita akashuka Sekiete, jirani wa Bibi.

"Bibi anakwisha," akasema. "Ameinjika sufuria ya mwisho, anataka kula na mwanawe. Mpandisheni kwa machela. Njia ni nyembamba, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mbele nitashika mimi. Nyuma, ambako mlimani uzito wote hulalia, Bibi amesema ashike yule aliyemnenepesha mwanawe. Auonje."

Wakamlaza mama kwenye machela. Wakaanza kubishana.

"Mimi nilikataa kutupa chakula, basi," akasema Mbonea. "Aliyesomea mambo haya ni dada. Alijua, akanyamaza."

"Nilijua, ndiyo. Digrii hailiwi, kaka, ungenilisha wewe? Na sauti yangu haina mafuta. Sahani ulibeba wewe, na miguu ya mama aliichukua huyu."

"Pikipiki hainenepeshi mtu," akasema Eliamani. "Nilimwonea huruma. Mlitaka alime mpaka aangukie jembe?"

Meneja wa duka akatoka na fulana zenye kuku wa njano, wavae wakibeba. "Ni promosheni nzuri kwenu na kwetu. Ila mjue, sisi hatujamshikia mtu kijiko."

"Basi shika machela, bosi," Nakunda akamwambia.

"Mgongo wangu, dada."

Mama akajiinua kwa kiwiko. "Mdomo ulikuwa wangu, wanangu. Lakini kila sahani ilikuja na mtoto, ningeirudishaje? Ningeweza kujibeba, nisingewasumbua. Hebu tazameni juu."

Wakatazama. Moshi ulikuwa umebaki uzi.

Sekiete akainua mbele. Nyuma ikabaki mchangani, na Naelijwa shingo kaielekeza mlimani.

Nanyi mnaonisikiliza, futeni kwanza mafuta vidoleni, kisha mnijibu kabla uzi haujakatika: nani ashike nyuma?