Tundu Usoni mwa Gari

"Pa kupendeza si pa kupumulia." Mmeisikia asubuhi kwa fundi, na sasa mnaniuliza mimi babu yenu ilitoka wapi. Methali hii ilitokana na gari tuliloliunda hapa hapa Uyole, uani kwetu, na aliyesababisha isemwe ni mimi, Andongile.

Mama yetu alizaliwa Kikondo, juu mlimani. Miguu ilipomshinda, alikaa miaka minne bila kumwona dada yake, maana siku zile magari ya abiria hayakufika kule. Mdogo wangu Tusekile, fundi wa kuchomelea, akasema, "Basi tutaunda la kwetu." Akatafuta injini ya pikapu iliyokufa, mabomba na mabati. Yeye akashika injini, mimi bodi. Kazi ikatuchukua mwaka mzima.

Tulibishana juu ya kitu kimoja tu: rejeta ndogo ya kupoza oili. Tusekile aliitaka mbele. Lakini mimi uso wa gari nilikuwa nimeupiga msasa na rangi ya bluu hadi unajiona ndani yake. Nikakataa katakata usitobolewe. Rejeta nikaificha chini, kwa nyuma, karibu na ekzosi, lile bomba la moshi.

Siku ya safari, tulipofika kona ya tatu ya mlima, taa nyekundu ya oili ikawaka. Tusekile akazima injini haraka. Watu waliokuwa wakivuna viazi kando ya barabara wakatucheka. Mama akatazama kule juu, kisha akasema taratibu, "Nirudisheni tu, wanangu. Nimeshazoea."

Neno lile lilinichoma. Tusekile hakunigombeza. Aliniita tuchungulie chini ya gari.

"Kaka, sogeza mkono kwenye rejeta."

Nikasogeza. Joto la ekzosi likanirudisha.

"Gari likitembea, upepo utaifikia hapo?"

"Hautaifikia."

"Na kule mbele?"

Nikainua kichwa, nikautazama ule uso wa bluu. Jibu nilikuwa nalo.

"Kaka," akasema, "pa kupendeza si pa kupumulia."

Injini ilipopoa tukateremka nyumbani. Msumeno niliushika mwenyewe. Nilikata ule uso wangu wa bluu katikati, meno nimeyauma. Tukaifunga rejeta pale, mbele yake tukaweka wavu wa banda la kuku ili mawe yasiipige.

Juma lililofuata tukapanda tena. Kona ya tatu tukaipita. Ya nne, ya saba, ya kumi! Taa haikuwaka. Wavunaji wale wale wakatupa majembe, wakatushangilia kwa miluzi.

Kikondo nzima ilitoka nje. Mama mkubwa alikuja mbio bila viatu, akamkumbatia mama hata kabla hajashuka garini, wakalia na kucheka pamoja. Vigelegele vikajaa.

Mzee mmoja akalizunguka gari. "Zuri kweli," akasema, "ila mbona mmelitoboa uso?"

Nilifungua kinywa nieleze, mama akaniwahi. Alisimama kwa miguu yake ile ile mibovu, akapaza sauti kijiji kizima kimsikie:

"Pa kupendeza si pa kupumulia!"