Kuti Lililofuta Nyayo za Mama

Kabla hujafuta nyayo, hesabu wenzio. Mlimsikia mlinzi wa hifadhi akisema hivyo pale langoni, mkacheka, mkadhani ni maneno aliyoyatunga mwenyewe. Sivyo. Methali hii ilizaliwa humu humu, kwenye vilima hivi vya mchanga tunavyovipanda, na chanzo chake ni harusi.

Msafara ulikuwa umekwisha kutoka Shungwi, unampeleka Rukiya kwa mumewe huko Tundani. Mbele walikwenda wanaume na masanduku, katikati bibi harusi na wanawake wa nyumbani, na mwisho kabisa Mwanatumu, somo wake aliyemfunda mambo ya ndoa, akikokota kuti la mnazi. Hiyo ilikuwa kazi ya somo zamani. Watu waliamini kwamba hasidi akichota mchanga wa unyayo wa bibi harusi, basi ndoa hiyo imeharibika: hatazaa, wala hatakaa na mume. Kwa hiyo kuti lilifuta nyayo zote. Na mwenye kulikokota alikuwa na mwiko wake, kwamba hageuki nyuma, wala haitiki akiitwa. Vilima vina wenyewe, walisema, na wenyewe huita watu kwa majina, kwa hiyo hata aliyebaki peke yake vilimani hakuitika.

Mamake Mwanatumu, Bi Khuleta, alikuwamo msafarani. Alikuwa kikongwe mwenye pumu na ulimi mkali. Asubuhi ile Mwanatumu alimsihi abaki nyumbani, naye akajibu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Mwanatumu kutembea, hawezi leo kufundishwa naye kukaa. Basi akatangulizwa, akatiwa kati ya wanawake.

Walipofika katikati ya vilima, upepo wa kusi ukaanza kupandisha mchanga. Kila mtu alijifunga leso usoni akawa anatazama visigino vya aliye mbele yake tu. Hapo ndipo Mwanatumu aliposikia sauti nyuma yake, nyembamba, ikikatwakatwa na upepo.

"Mwanatumu."

Ilikuwa sauti ya mamake hasa, na hilo ndilo lililomtisha, maana alijua mamake yuko mbele. Sauti ikaita tena, ikamwomba angoje kidogo. Mwanatumu akasoma dua, akakaza mwendo, na kuti likaja nyuma yake likifuta.

Waliteremka upande wa pili wenye miti, kusikofika upepo. Rukiya akafunua uso, akawatazama watu wake, akauliza Bi Khuleta yuko wapi. Mwanamke mmoja akasema alimwona akijitenga kando ya kichaka ili avute pumzi. Mwanamke huyo hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa somo alikuwa anakuja nyuma.

Mwanatumu akageuka. Mchanga ulikuwa umelala laini kama shuka iliyotandikwa sasa hivi. Hapakuwa na alama hata moja. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

Wengine walitaka wangoje upepo utulie. Lakini jua lilikuwa limeinama, na kila mtu alijua kwamba fisi wa vilima hawangoji giza. Mwanatumu akarudi, akifuatana na Shee, mjomba wa bibi harusi. Walipanda, wakashuka, wakaita hadi makoo yakakauka. Kila kilima kilifanana na mwenzake. Kisha Shee akasimama, akaonyesha chini. Nyayo za fisi, mpya, kingo zake bado kali, zilikuwa zinaelekea huko huko walikokuwa wakienda.

Shee alisema polepole kwamba labda mama hayupo tena, maana angekuwapo angeitika.

"Anatusikia," Mwanatumu akasema. "Haitiki. Mwiko huu ni yeye aliyenifundisha."

Akaita, "Mama, ni mimi mwanao."

"Hata jini lingesema hivyo," Shee akanong'ona.

Mwanatumu akafikiri. Mbele yao vichaka vilitikisika, na haikujulikana kama ni upepo. Akapaza sauti.

"Mama, wewe unakoroma. Usiku kucha unakoroma, na asubuhi unaapa kwamba hukupata usingizi."

Upepo ukapita. Kisha, kutoka nyuma ya kichaka kilichokuwa karibu nao kuliko walivyodhani, sauti ikajibu, "Sikoromi mimi."

Walimkuta amekaa, mchanga umemfika kiunoni, jicho moja limeziba. Nyayo za fisi zilikuwa zimemzunguka. Shee alianza kumfukua kwa mikono. Bi Khuleta hakumtazama yeye, alimtazama bintiye.

"Nilikuita. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

Kikongwe akapangusa mchanga usoni, akavuta pumzi. Ndipo akayatamka yale maneno mliyoyasikia langoni, bila hasira, kama mtu anayemfundisha mwari.

Jicho lile halikupona. Bi Khuleta aliishi miaka kadhaa na lililobaki, akafia kitandani mwake. Rukiya alizaa watoto, akakaa na mumewe. Shee hakupita tena vilimani. Alizunguka njia ya bara hadi alipozeeka. Mwanatumu aliendelea na usomo, na kuti hakuliacha. Lakini kila kilima alisimama, akaita watu wake jina kwa jina, na hakusogea mpaka wa mwisho aitike. Walinzi wa hifadhi wanaita vivyo hivyo hadi leo, na ndiyo sababu mliitwa pale langoni.

Kabla hujafuta nyayo, hesabu wenzio.